Sentimita Nane Kushoto

Kikombe kilianguka saa tatu asubuhi, mbele ya watu. Yeh Tsung-han, Han kwa wenzake, alikiweka mezani kama anavyokiweka kila siku, kikaikosa meza kwa upana wa kidole, chai yote ikamwagika sakafuni.

"Mkuu, pombe ya jana bado haijatoka?" mwenzake Fan akamtania.

Watu wakacheka, Han naye akacheka. Lakini pua yake ilikuwa imenasa harufu ya mafuta ya mnanaa, yale ya kupaka kwenye kipaji cha uso, na katika jengo lile aliyekuwa akinuka hivyo alikuwa mtu mmoja tu. Na huyo walimzika mwezi wa nne.

Aliitwa Hsiu-luan, fundi wa nyaya, miaka ishirini na sita kazini. Mtambo wao ni bomba la chuma lililozungushwa duara, na ndani yake hukimbia mwale wa elektroni, mwembamba kama unywele, ambao lazima upite katikati kabisa. Bombani kuna vipimo vinavyouhisi mwale ukipita na kusema umehama kiasi gani, upande gani. Kipimo namba arobaini na moja Han alikiunga mwenyewe, kwa kiherehere cha kuwahi chakula cha mchana, akauchomeka waya wa kushoto kulia na wa kulia kushoto. Basi mwale ukihama kushoto, kipimo kinasema umehama kulia, na mtambo unausukuma kushoto zaidi, mpaka bomba likatoboka. Wiki sita kazi imelala! Han akawahi kuingia kabla ya wakaguzi, akazirudisha nyaya mahali pake, kisha akamwangushia Luan jumba bovu, akisema ndiye aliyekiunga kipimo. Ripoti ikaandika: uzembe wa fundi.

"We Han," Luan alimwambia siku ya kufukuzwa, getini, "nitazame basi."

Han akatazama simu yake. Mama wa watu akarudi nyumbani, akagoma kula, akafa. Na huyu mtu asiye na haya akapandishwa cheo.

Basi baada ya kile kikombe, mambo yakaanza kuongezeka. Bega la kushoto likagonga mwimo wa mlango. Ufunguo ukakosa tundu. Vijiti vya kulia vikagonga meza kando ya bakuli, na binti yake Pin-yu, mwenye miaka minane, akacheka mpaka akapaliwa na supu. Upana wa kidole ukawa vidole viwili, vikawa kiganja, na kila alipopita peke yake kwenye njia ya mtambo, taa zote zikiwaka na mchana kweupe, alisikia ndala za plastiki zikiburutwa upande wake wa kulia, zikisimama akisimama, zikienda akienda, na ile harufu ya mnanaa ikimjaa kooni mpaka macho yakamtoka machozi.

Siku moja, akiwa kwenye pikipiki na Pin-yu nyuma, nusura aingie ubavuni mwa lori. Siku hiyo hiyo akaenda hekaluni kwa Bibi Tu, mtu wa kuita roho za watu waliofadhaika. Bibi akajaza mchele kwenye kikombe, akaufunga kwa shati la Han, akauzungushia moshi wa udi, akafungua. Mchele wote ulikuwa umejirundika upande wa kushoto. Upande wa kulia ulionekana udongo mtupu wa kikombe.

"Huyu simfukuzi," Bibi Tu akanong'ona. "Ana haki yake. Nenda kwa mama yake, piga magoti, useme ulichofanya. Na kazini useme."

"Watanifukuza, bibi. Mama yake mtoto alishatangulia. Nani atamlisha Pin-yu?"

"Ndiyo maana nakwambia uwahi. Jina la mtoto alishalitaja marehemu, kabla yako."

Han akatoka pale. Akaapa kwamba Jumatatu atasema. Lakini Han ni mtu wa vipimo, na kazini kwao kipimo kinachopotoka hakitupwi: unaandika kimepotoka kiasi gani, kisha unakitoa kwenye hesabu. Akachora mistari ya chaki jikoni, akajipima wiki nzima. Sentimita nane kushoto, kila mara, haizidi wala haipungui. Akaanza kulenga sentimita nane kulia. Kikombe kikatua. Ufunguo ukaingia. Jumatatu ikapita, hakusema neno.

"Nimekuweza, dada Luan," alisema jikoni, kwa sauti, akicheka peke yake. Ndala zikanyamaza.

Akarudi kumpakia mtoto kwenye pikipiki. Siku ya tisa, saa moja na nusu asubuhi, waliingia kwenye njia ya pikipiki ya daraja, ile nyembamba, malori kushoto na ukingo mfupi kulia. Han akalenga kulia kama alivyozoea.

"Baba," Pin-yu akasema mgongoni, "yule shangazi ameshuka."

"Shangazi gani?"

"Huyo anayekuegemea kila siku. Amesimama kule nyuma, anatupungia mkono."

Han akaelewa yote kwa mara moja, kwamba hakuna tena wa kumsukuma kushoto na zile sentimita nane sasa ni zake mwenyewe, akavuta usukani kurudi, lakini mpini ulikuwa umeshanasa kwenye ukingo, chuma kikalia juu ya chuma, pikipiki ikainuka nyuma, na mikono midogo iliyokuwa imemshika kiunoni ikaachia.

Han aliinuka bila mkwaruzo. Chini, kwenye mawe ya mto, aliona koti la shule, hakuweza kutazama mara mbili. Akakimbia kwenye ngazi ya kuteremkia, nyembamba, yenye utelezi, akilia na kuliita jina la mwanawe. Mkono ulishika chuma pale pale alipoutuma. Kila hatua ilikanyaga katikati ya kidato.