Chai Iliyomwagwa Jangwani

Jua lilikuwa limeshatoka tena mawinguni, lakini mawe ya mvua hayakuyeyuka. Hilo ndilo lililomtia Himid wasiwasi tangu mwanzo. Njia ya vumbi iendayo kwenye mazizi ya ngamia, njia wasiyowahi kuipita, ilikuwa nyeupe pe, na pikapu yao ya kupeleka maji ilizungusha magurudumu bila kusogea hata shubiri.

Naftali, mwenzake aliyeshika usukani, hakuwa na subira. Mkewe, Teresiah, alibakiza wiki tatu ajifungue, na alikuwa peke yake chumbani kwao mjini, mtaa wa Al Qusais. Akachukua chupa ya chai, akaimimina yote chini ya gurudumu, ikifuka mvuke.

Kitu kililia chini ya barafu. Kililia mara moja tu, kama mtoto mchanga aliyeunguzwa.

"Uliomba idhini?" Himid alinong'ona. "Jangwani hapamwagwi cha moto hivi hivi, ndugu yangu. Pana wenyewe hapa, wasioonekana. Waombe radhi."

"Niombe mchanga msamaha? Wacha, Himid, hizo ni story za kwenu Unguja. Yalla, panda twende."

Asiyesikia la mkuu, tunamjua. Gari lilichomoka kwa urahisi mno, kana kwamba limesukumwa. Naftali akacheka, lakini kicheko kilimkauka walipoingia lami, maana harufu ya ngozi iliyoungua ilijaa garini, na nyuma yao, katikati ya madumu ya maji, mwanamke alikuwa akibembeleza mtoto kwa sauti ya chini, akibembeleza na kubembeleza kama anayejua kwamba mtoto hatanyamaza, na kila Naftali alipotupa jicho kwenye kioo hakuona mtu.

Simu ikaita.

"Naftali, mtoto hachezi," Teresiah alisema, akijikaza asilie. "Tangu saa nane. Na tumbo limekuwa baridi, sijui ni nini."

Saa nane ndipo alipomwaga chai.

"Ita teksi, uende hospitali sasa hivi!" Akageuza gari kurudi jangwani.

Walipofika, mawe yote yalikuwa yameyeyuka. Mchanga ulikuwa mkavu, hauna hata alama ya gurudumu, na kila tuta lilifanana na lingine. Naftali alipiga magoti hapa akaomba radhi, akasogea pale akaomba tena, mpaka sauti ikamkauka.

Himid akamnyooshea simu iliyokuwa ikiita. "Ni shemeji."

Naftali hakuipokea. Alikuwa amelaza sikio mchangani. Chini kule walilia watoto wawili, mmoja kwa kuungua, mwingine kwa baridi.