Jina Lililoachwa Nje ya PDF

Kila alasiri Jaël alipotoka shuleni, alianza na vyombo. Alivua sare, akavisugua vyombo kwa majivu nyuma ya nyumba yao katika mtaa wa Kikula, akawasha mbabula ya makaa na kuteleka maji ya bukari, ugali wa jioni. Hapo ndipo mama yake alipompa simu, si kabla. Mama alikuwa mshonaji, na simu ile ilikuwa ya wateja. Mtoto aliishika akiwa amekwisha kukausha mikono.

Juma lile Jaël aliingojea simu kuliko chakula. Darasa lake, mwaka wa sita A, lilikuwa limechaguliwa kuigiza mbele ya wazazi siku ya sikukuu ya shule, na mwalimu wao, Maître Stanislas, alikuwa amempa Jaël kazi ya kuandika mchezo, kwa kuwa insha zake zilipendeza. Aliuita “Chandarua cha Papa Kalala”. Ulimhusu baba mmoja aliyekichukua chandarua cha mtoto mchanga, akakizungushia bustani yake ya lengalenga ili kuku wasile mboga, mpaka mtoto akashikwa na malaria.

Jaël aliuandika mtandaoni, kwenye hati ambayo wenzake waliifungua kwa kubonyeza kiungo kwenye simu za wazazi wao. Jambo moja hakulijua: kwa jinsi alivyoiweka hati ile, kila aliyeifungua aliweza kuisoma na kuibadilisha pia.

Alilijua alasiri moja alipoifungua tena. Pitshou, aliyekuwa Papa Kalala, alikuwa amejiongezea wimbo. Maneno ya muuguzi yalikuwa yamefutwa karibu yote. Na Arlette, aliyepewa kuwa bibi wa mtoto, alikuwa amejaza ukurasa mzima.

Jaël akakunja uso. Yeye na Arlette hawakupikika chungu kimoja tangu mwaka wa tano, siku Arlette alipowaambia wenzao kwamba sare ya Jaël ilishonwa kwa vipande vya vitambaa walivyosahau wateja. Haikuwa kweli, lakini darasa lilicheka, na kicheko kile Jaël hakukisahau. Akafuta ukurasa wote wa Arlette. Kesho yake ukurasa ulikuwa umerudi, na juu yake maneno mawili: “Usiguse tena.”

Siku ya mazoezi mambo yaliharibika kabisa.

“Weye unasoma nini?” Pitshou akamwuliza Arlette. “Hiyo haiko kwa simu yangu.”

“Simu yako ni ya jana. Soma ya leo.”

“Ya leo njo gani? Asubuhi niliona ingine, sasa naona ingine.”

Gaëlle, aliyekuwa muuguzi, alitupa karatasi yake chini. Alikuwa amenakili maneno yake yote kwa mkono, na sasa hakuna mtu aliyemjibu sawasawa.

“Arlette njo anaharibu,” Jaël akasema. “Kila siku anaingiza maneno yake.”

“Maneno yako inalalisha watu,” Arlette akajibu. “Minye nabaamusha.”

Jaël akamsukuma bega. Arlette akamsukuma pia, na benchi likaanguka. Maître Stanislas akaingia kati yao. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Aliliinua benchi mwenyewe, akalipangusa vumbi, kisha akawatazama mmoja mmoja mpaka kila mtu akainamisha macho.

“Kesho jioni nataka maandishi mamoja,” alisema. “Yawe yamefungwa, mtu asiweze kuyagusa tena. Yasipofika, mwaka wa sita B watapanda jukwaani, na ninyi mtabeba viti.”

Jioni ile Jaël alimwendea dada yake, Dominique, aliyekuwa akisoma kozi ya ukatibu mjini. Dominique alikuwa akichana nywele zake na hakupenda kusumbuliwa.

“Yaya, nifanye nini ili watu wasibadilishe maandishi yangu?”

“Uliwapa mwiko, sasa unalalamika kwamba wanakoroga?” Dominique akaichukua simu. “Angalia, sitarudia. Kwanza, hapa kwenye kiungo, weka kwamba wengine wasome tu. Halafu rekebisha maandishi yako mpaka umeridhika. Ukimaliza, bonyeza vitone hivi vitatu, chagua kuhifadhi kama PDF. Hiyo PDF ndiyo utakayotuma. Kila simu itaonyesha kurasa zilezile, maneno yaleyale, na atakayeifungua atasoma tu.”

“Na hati ya kwanza inapotea?”

“Inabaki mahali pake. PDF ni kama picha yake, vile ilivyokuwa saa ile ulipoipiga. Basi isome vizuri kabla hujaipiga.” Akamrudishia simu na kuendelea na nywele zake.

Jaël akakaa karibu na mbabula, akausoma mchezo tangu mwanzo. Wimbo wa Pitshou aliutoa. Maneno ya muuguzi aliyarudisha. Alipofika kwenye ukurasa wa Arlette, kidole kilikuwa tayari kufuta. Lakini safari hii, kabla ya kufuta, alisoma.

Bibi alikuwa amesimama mbele ya bustani, mkono kiunoni, akimwambia Papa Kalala: “Mwanangu, umezivalisha mboga zako kama bibi harusi, na mjukuu wangu umemlaza uchi mbele ya mbu. Usiku wa leo basi ukalale na lengalenga, uzibembeleze zisilie.”

Jaël alicheka kabla hajajizuia. Mama yake akauliza kuna nini, akasomewa, naye akacheka mpaka akaiachia cherehani.

“Haya ya bibi ni mazuri kweli,” mama alisema. “Mtoto wangu, una kipaji.”

Jaël hakumsahihisha. Aliyaacha maneno ya bibi yote, maana bila hayo mchezo ungepooza, na hilo alilijua. Kisha akapanda juu kabisa, kwenye kichwa cha mchezo. Hapo palikuwa pameandikwa: “Umeandikwa na Jaël na Arlette.” Arlette alikuwa ameliongeza jina lake mwenyewe. Jaël akakumbuka kicheko cha mwaka wa tano. Akajiambia kwamba Maître alimpa kazi yeye, si mwingine. Akafuta maneno mawili, “na Arlette”, akabonyeza vitone vitatu, akahifadhi kama PDF na kuituma kwenye kikundi cha darasa.

Mazoezi yaliyofuata yalikwenda vizuri. Kila mtu alisoma kitu kilekile, na Pitshou aliulalamikia wimbo wake kidogo tu. Maître Stanislas alikuwa ametoa nakala na kuibandika ukutani, na mkuu wa shule alikwisha kuwatumia wazazi ile PDF. Wakati wa mapumziko Arlette alisimama mbele ya ukuta ule kwa muda mrefu. Kisha akamfuata Jaël uani.

“Maneno ya bibi, nani aliandika?”

“Ni ya mchezo,” Jaël akasema.

“Nimekuuliza nani.”

Wenzao walikuwa wamekwisha kuwazunguka, wakitazamia ugomvi. Arlette hakumgusa.

“Bon. Utacheza bibi weye mwenyewe, juu weye njo mwenye mchezo wote.” Akamwekea karatasi yake miguuni, akaenda zake. Pitshou akatema mate chini karibu na kiatu cha Jaël, akamfuata Arlette. Siku ile hakuna aliyekaa naye benchi moja.

Alasiri ile Jaël hakungoja hata kukausha mikono. Aliifungua hati ya mtandaoni, akarudisha maneno mawili aliyoyafuta, akatuma kiungo kwa simu ya mama yake Arlette: “Mwambie Arlette aangalie, jina lake liko.” Akashusha pumzi, akidhani yamekwisha.

Asubuhi Arlette alikuwa akimngoja langoni.

“Jina langu liko wapi?” aliuliza. “Kwa simu ya Pitshou haliko. Kwa ukuta haliko. Mama yangu alipewa ile PDF, akaniuliza juu ya nini nilimdanganya kwamba niliandika. Umeniweka pahali mutu haangalie, sasa unataka aksanti?”

Alichokitengeneza Jaël kwa siri kilikuwa kimebaki sirini. Na ile karatasi ya uongo ilikuwa mikononi mwa watu wote, haibadiliki, kama alivyotaka mwenyewe.

Siku nzima alitafuta njia nyingine. Angesema simu ilikosea. Angesema Dominique ndiye aliyefuta. Alipofika nyumbani mama yake alikuwa akishona vazi la bibi wa mchezo, na aliuliza atamvalisha nani, maana alisikia sokoni kwamba Arlette amejitoa. Jaël akamweleza yote, hata kile kicheko cha mwaka wa tano.

Mama hakumfariji. “Kwa hiyo siku ile niliposema una kipaji, nilimsifu mtoto wa mwenzangu, na wewe ukapokea.”

“Yeye alifanya watu wanicheke, mama.”

“Alikukosea. Ungemwambia mwaka jana. Haya ya leo ni kosa lako, usilifunike kwa kosa lake.” Akamsogezea simu. “Tengeneza nyingine. Na kesho useme kwa kinywa chako juu ya nini kuna nyingine. Karatasi haiwezi kukusemea.”

Jaël akatengeneza PDF mpya. Safari hii, chini ya kichwa, aliandika: “Umeandikwa na Jaël. Maneno yote ya bibi yameandikwa na Arlette.” Akaituma kwenye kikundi na ujumbe: “Futeni ile ya kwanza. Ina uongo wangu.”

Kesho yake akaomba ruhusa kusema mbele ya darasa. “Nilifuta jina la Arlette,” alisema. “Maneno yake yalikuwa mazuri kuliko yangu, nikayachukua, yeye nikamtoa. Arlette, naomba unisamehe.”

Nyuma mtu akanong’ona, “Mwizi wa maneno,” na wengine wakacheka. Arlette alitazama dirishani. Maître Stanislas akaibandua karatasi ya zamani ukutani, akampa Jaël aichane mwenyewe. Kisha akampa adhabu: kwenda kwa mkuu wa shule na kumweleza, ili wazazi nao watumiwe ile mpya. Jaël akaenda. Mkuu alimsikiliza bila kutabasamu hata mara moja.

“Nitacheza,” Arlette alisema mlangoni baada ya masomo. “Lakini si kwa ajili yako.”

Siku ya sikukuu ua ulijaa. Arlette alipoweka mkono kiunoni na kumwambia Papa Kalala akalale na lengalenga, akina mama waliangua kicheko, na baba mmoja wa mstari wa mbele akainama kwa aibu huku mke wake akimgonga kwa kiwiko. Bila shaka kwao pia kulikuwa na bustani iliyovalishwa. Mwishoni Maître alisoma majina ya waandishi. Mama yake Arlette alisimama akapiga kigelegele.

Wageni walipokwisha kuondoka na viti kurudishwa madarasani, Maître Stanislas aliwakusanya waigizaji.

“Mmejifunza kufunga hati,” alisema. “Ni jambo jema, bila hilo tungekuwa bado tunagombana. Lakini PDF haijui haki wala wizi. Itakitunza kile ulichoweka, na itakipeleka mbali usikoweza kukifuata. Basi kabla hujafunga na kutuma, usitafute makosa ya herufi tu. Jiulize ni nani aliyefanya kazi na jina lake halimo. Na ukigundua umechelewa kujiuliza, usirekebishe gizani. Mliyemkosea mbele ya watu, mtengenezeeni mbele ya watu.”

Wakatawanyika. Arlette aliondoka bila kumuaga Jaël, akapitia njia yake. Lakini Jumatatu, langoni, alisimama kidogo.

“Jambo, Jaël,” alisema.

“Jambo, Arlette.”

Wakaingia darasani, mmoja mbele, mwingine nyuma.