Jasho la Friza

Mlango wa friza ulikuwa unatoka jasho.

Mama Barafu, mtunzaji wa chumba cha baridi hospitalini, aliufuta kwa kiganja, akatazama skrini ya kipimajoto. Hasi themanini, kama jana. Basi, salama. Kipimajoto hicho kilifungwa na shemeji yake mwenyewe, Fundi, mume wa mdogo wake. Na humo ndani ndimo zilimohifadhiwa chembe za damu za huyo mdogo mtu, zilizovunwa kabla hajapewa dawa kali, ili zirudishwe mwilini apone. Nyingine hazipo.

"Usifungue, shemeji," Fundi alinong'ona nyuma yake. "Utaingiza joto."

"Sasa mbona pananuka?"

Palinuka kweli, ubani uliochanganyika na nyama iliyochacha. Halafu kitu kikakwaruza ndani ya friza, taratibu, kama kucha kwenye sufuria.

"Umesikia?"

"Sijasikia kitu," alisema Fundi, huku meno yake yakigongana.

Mama Barafu akaushika waya wa kipimajoto, akaufuata kwa vidole nyuma ya friza, akaukuta umepita tundu lake bila kuingia, umetambaa ukutani kama mwizi, ukaenda kuzama kwenye friza ya jirani iliyokuwa nzima, na huko ncha yake ilikuwa imestarehe, ikisoma baridi ya wengine siku zote hizo alizokuwa akiiamini. Akaichomoa. Akafungua friza yake. Ndani mlikuwa na joto, na vile vifuko vya damu vilikuwa vitupu, vimetobolewa kwa meno.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Yeye alikuwa akikipikia chai.

"Mkeo, Fundi! Huyu ni mkeo!"

"Yumo ndani yangu, shemeji." Fundi aliteleza ukutani mpaka chini. "Jini. Alisema atanitoka nikimpa damu ya mke wangu. Ningefanyaje? Nimechoka kulala na mtu mbavuni."

"Ungekufa wewe!" Alimtupia ile ncha kwa hasira, na Fundi akaidaka. Mkononi mwa Mama Barafu ilikuwa imeshapanda hadi joto la mtu. Kiganjani mwa Fundi namba kwenye skrini zikaanza kushuka, zikapita sifuri, zikashuka, zikashuka, mpaka hasi themanini.

Wote wawili wakakodoa macho. Kukwaruza kukanyamaza. Kisha namba zikapanda tena, harakaharaka, zikatulia kwenye thelathini na sita.

"Ametoka!" Fundi alilia kwa furaha. "Shemeji, ametoka!"

Mama Barafu alimchukia kwa furaha ile kuliko kwa kosa lenyewe. Akawa anatafuta tusi la kumfaa, simu yake ikaita. Ni mdogo wake, kutoka nyumbani.

"Dada," sauti ilikuwa ya chini sana. "Mume wangu yuko hapo? Mwambie aje. Mikono yangu imekufa kwa baridi. Na kuna kitu kinakwaruza, dada. Kinakwaruza humu ndani yangu."