Swali la Meza ya Kumi na Tatu

Darcy Hrynchuk alipanga meza kumi na mbili kwa mikono yake asubuhi ile, kama alivyozipanga kila Jumamosi kwa miaka kumi na tisa katika duka la michezo ya kadi la mtaa wa North End, mjini Winnipeg, Kanada. Mashindano yakaanza. Kabla ya saa sita mchana mkono ukanyooshwa kutoka meza ya kumi na tatu.

Alidhani mwenye duka ameongeza meza. Akaenda. Yeye alikuwa mwamuzi, na kazi ya mwamuzi ni kumwendea kila anayenyoosha mkono, asikilize swali lake la sheria na kulijibu kwa kitabu cha sheria. Darcy alikijua kitabu kile chote. Watu walimtania kwa hilo, hasa Merv Toews, mzee aliyecheza vibaya kuliko wote na kucheka kuliko wote, ambaye hakumwita kwa jina bali alimwita Kitabu.

Aliyenyoosha mkono alikuwa mtu wa makamo mwenye koti la kahawia. Kiti cha mbele yake kilikuwa kitupu. Hewa ya hapo ilinuka nywele zilizoungua.

"Kadi hii imelazwa usingizi mpaka zamu ya mwenye kadi itakapoanza," mtu yule alisema polepole. "Lakini zamu hiyo imefutwa. Inaamka?"

"Haiamki," Darcy alijibu. "Zamu iliyofutwa haikuanza."

"Na zamu zote zinazofuata zikifutwa?"

"Basi italala tu."

Mtu yule akashukuru. Ndipo Darcy alipoitazama kadi yenyewe, na ikamshangaza kwamba haijui, yeye aliyezijua zote. Ilichorwa mzee mwenye kofia ya sufu, amesinzia kwenye kiti cha kuegemea.

Jumatatu habari zikafika dukani. Mwanawe Merv alikuwa amemkuta baba yake amesinzia kwenye kiti cha kuegemea, kofia kichwani, na hakuweza kumwamsha. Hospitalini walipima damu, kichwa na moyo, wasione ugonjwa. Mzee alikuwa anapumua vizuri. Alikuwa amelala tu.

Darcy hakumwambia mtu juu ya kadi ile. Alijiambia kwamba wazee ndivyo walivyo. Jumamosi iliyofuata akapanga tena meza kumi na mbili, akazihesabu mara mbili, na bintiye Larissa akamcheka akamuuliza kama ameanza kusahau hesabu. Larissa alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mwezi uliopita alikuwa amefaulu mtihani wa waamuzi, na sasa alikuwa msaidizi wake, na Darcy hakukumbuka kufurahi hivyo tangu mama yake binti huyo alipofariki.

Sauti ya kadi zinazochanganywa ilianza kabla ya mchezo kufunguliwa, wakati hakuna aliyekuwa ameshika kadi. Kisha harufu ikaja. Kisha mkono.

Safari hii mbele ya yule mtu zilikuwepo kadi mbili zenye jina moja. Alitaka kujua: sheria inakataza wawili wa jina moja kukaa pamoja mezani, mmoja lazima aende kwenye lundo la wafu, sasa nani anachagua, mwenye kadi au anayezishika kwa wakati huo? Swali lilikuwa gumu kidogo, wengi hulikosea, na Darcy, ambaye miguu yake ilikuwa inataka kuondoka, akasikia mdomo wake ukijibu sawasawa, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa haukuwahi kushindwa kujibu.

"Anayezishika."

"Basi nachagua mimi," mtu yule alisema, akaifunika moja. Iliyofunikwa ilichorwa kijana mwenye kofia nyekundu.

Pale dukani walikuwepo akina Trevor wawili, Trevor mnene na Trevor wa chuo. Jioni ile Trevor wa chuo alikuwa anakatiza Mto Red kwa miguu juu ya barafu, njia wanayopita watu mia kwa siku, na barafu ikafunguka chini yake yeye tu. Kofia yake nyekundu ndiyo iliyoonekana kwanza.

Baada ya mazishi Darcy alimuuliza Larissa kwa sauti ya chini kama alimwona mtu wa koti la kahawia. Larissa alisema ndiyo, yule mpole wa kule mwisho. Kwa nini?

"Ukimwona, usimsogelee," Darcy alisema. "Niahidi."

"Baba, unanitisha."

"Niahidi tu, mwanangu."

Akaahidi, lakini kwa namna watoto wakubwa wanavyowaahidi wazazi wanaoanza kuzeeka.

Alhamisi Darcy alikwenda kwa Bibi Olha, mjane wa miaka themanini na nane aliyekuwa akiwatoa watu hofu kwa nta, kama mama yake alivyofanya huko Ukraine walikotoka. Alimketisha jikoni, akayeyusha nta kwenye sufuria ndogo, akashika bakuli la maji baridi juu ya kichwa cha Darcy na kuimimina nta humo huku akiomba kwa Kiukraine. Nta ikigusa maji huganda ikatoa umbo la kinachomsumbua mtu. Safari hii haikuganda. Ilielea juu ya maji yenye vipande vya barafu, laini, ya moto, ikitembea, na jiko zima likaanza kunuka nywele zilizoungua mpaka yule bibi akaimwaga nje kwenye theluji na kurudi.

"Huyu siwezi kumtoa," alisema. "Hakuvunja mlango. Anaomba ruhusa, na wewe ndiye unayempa. Acha kazi hiyo. Usimjibu tena neno."

Darcy aliamua kuacha. Lakini Merv alikuwa bado hai kule hospitalini, amelala, na hilo halikumpa amani. Mwamuzi mkuu ana haki ya kuifuta hukumu yake akiona amekosea. Jumamosi akaenda dukani na barua ya kujiuzulu mfukoni, akasubiri sauti, akasubiri harufu, na mkono ulipoinuka akaenda mwenyewe bila kuitwa mara ya pili, akasimama mbele ya meza ambayo hakuipanga na kusema kwamba hukumu ya kwanza ilikuwa na makosa, anaifuta, mchezo urudishwe nyuma mpaka pale mzee alipolazwa.

Mtu yule hakukasirika. Alimtazama kwa upole, kama mtu anayemhurumia mwanafunzi.

"Tangu hapo kadi ngapi zimevutwa?" aliuliza. "Wangapi wamekwenda kwenye lundo? Sheria yenu inasema nini mchezo ukishasonga mbali hivyo?"

Darcy aliijua. Mchezo uliosonga mbali haurudishwi. Unaachwa uendelee ulivyo, hata kama hukumu ilikuwa mbovu. Akaitoa barua, akaiweka mezani juu ya zile kadi, ili jambo liishe, ili asiwe mwamuzi tena wa mtu yeyote.

Mtu yule akaisoma, akatabasamu, na bado mkono wake ulikuwa juu.

"Nina swali moja la mwisho. Mchezaji akiondoka katikati ya mchezo, vilivyo vyake vinakwenda wapi?"

Darcy alibana meno. Alijua jibu na alijua alichoambiwa jikoni, akaushikilia mdomo wake kwa mkono kabisa, na ukumbi ulikuwa umejaa watu wanaocheka na kunywa kahawa na hakuna aliyegeuka, na harufu ilimpanda mpaka machoni, na katika kuhangaika kule hakusikia hatua za mtu aliyekuja nyuma yake kuona kwa nini baba yake amesimama pale muda mrefu bila kujibu swali ambalo yeye baba ndiye aliyemfundisha alipokuwa mtoto wa miaka tisa.

"Vyote vilivyo vyake vinaondoka pamoja naye," Larissa alisema.

"Asante sana," akasema yule mtu, na akashusha mkono.

Darcy alimtazama binti yake, kitu pekee alichokuwa nacho, akaichukua barua mezani, akairudisha mfukoni. Hakujiuzulu, maana anayejiuzulu ameondoka mchezoni. Jumamosi zilizofuata zote alikuwepo, na alipoulizwa alijibu, na watu wakaendelea kupatwa na mambo, huyu leo na yule mwezi ujao, naye akaenda kwenye mazishi yao amevaa suti ileile. Merv hakuamka. Larissa alimwomba mara nyingi apumzike, akimwambia amekonda, na yeye alisema anaipenda kazi yake.

Mwezi wa tano alianguka ngazini. Daktari alimwonyesha picha ya moyo, akamweleza kwa utaratibu kwamba umechoka, kwamba dawa zitasaidia kwa muda tu. Darcy aliuliza ni muda gani. Miaka miwili, daktari alisema, akijitunza labda mitatu.

Larissa alikuwa amekaa kando, amemshika mkono, analia. Darcy hakulia. Alikuwa anajumlisha miaka mitatu kwenye umri wa binti yake, na alipopata ishirini na sita akaanza kujumlisha upya.