Nyumba ya Mwenye Mke

Mwaka ule wa 1974 watu wengi walikutana kwenye foleni ya sukari, na wengi wao waliishia kugombana. Pasca Candiru alikuwa amesimama mbele ya duka moja la mjini Arua, kaskazini mwa Uganda, tangu saa moja asubuhi, amevaa gauni la buluu lenye kola nyeupe na viatu vyeusi vilivyong'arishwa jana yake. Kichwani alikuwa amejifunika daftari la mahudhurio la darasa la nne kukinga jua la Februari.

"Mwalimu," sauti ilimwambia kutoka nyuma, "hii kitabu ya watoto, mkubwa yako anajua wewe nafanya mwavuli?"

Aligeuka. Alikuwa kijana mrefu, suruali ya kijani iliyopigwa pasi hadi ikasimama, shati jeupe lililokunjwa mikono. Pasca alimwuliza amejuaje kuwa yeye ni mwalimu.

"Foleni yote iko mbovu, yako peke yake imenyooka. Umeambia hata ule mzee asimame vizuri."

Ilikuwa kweli, na Pasca akacheka ingawa hakutaka. Sukari iliisha wakiwa wamebaki watu watatu mbele yao. Wakaenda kunywa chai isiyo na sukari kwa Mama Marcelline, Mkongo mwenye hoteli karibu na stendi ya malori, na kila mmoja akaapa kwamba ni tamu. Silvester Lemi alikuwa mwalimu pia, wa Koboko, aliyekuja kuchukua maboksi ya chaki. Yeye Mkakwa, Pasca Mlugbara wa Ajia, hakuna aliyejua lugha ya mwenzake zaidi ya salamu. Mapenzi yao ikabidi yaende kwa Kiswahili cha sokoni, kile ambacho wanajeshi na wachuuzi waliwaachia watu wa huku, na yakaenda vizuri tu.

Kila Ijumaa saa kumi Silvester alipiga simu kutoka posta ya Koboko hadi ofisi ya misheni ya Awindiri, jirani na shule ya Pasca. Karani wa pale, mzee Emile, alikuwa akitoka mlangoni na kupunga kofia, na watoto wote wa shule walijua maana yake. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na hasa hayafichiki kwenye simu ya dakika tatu ambayo lazima uipigie kelele ili usikike. Silvester alikuwa na utani wake. Hakumwuliza Pasca habari zake. Alimwuliza habari za mtu mwingine.

"Huyu mwalimu mzuri wa Arua iko mzima?"

"Iko. Anasahihisha hesabu."

"Bado anakata watoto maksi?"

Alikuwa akiwakata kweli. Mtoto aliyeleta jibu tupu bila kuonyesha alivyolipata, Pasca alimwandikia kwa kalamu nyekundu: jibu sahihi, kazi haionekani, nusu. Watoto walilia, wazazi walilalamika, yeye hakulegea. Jibu lisilo na kazi, alisema, huenda limechunguliwa kwa jirani. Silvester aliposikia habari hizo alicheka mpaka dakika zao zikakatwa.

Wiki ya kwanza ya Desemba, Keji alirudi kutoka kwao Koboko alikokwenda kwenye msiba. Keji alifundisha darasa la tatu shuleni kwa Pasca na hakuwa mtu mbaya. Ulimi wake tu ndio uliokuwa mwepesi. Dada yake aliuza mandazi kwenye ile shule ya Silvester. Orodha ya nyumba za walimu za mwaka ujao ilikuwa imesomwa pale mbele ya walimu wote. Nyumba namba mbili, ya vyumba viwili na jiko la nje, haikupewa mtu ila mwalimu mwenye mke, na aliyepewa ni Mwalimu Lemi.

"Dada yangu amesikia na masikio yake," Keji alisema. "Lemi na bibi yake. Jina ya bibi hakushika. Pole, ndugu yangu. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

Pasca alisema asante na kwenda darasani. Alifundisha kugawanya namba mpaka kengele, na hakukosea hata mara moja. Ijumaa kofia ya Emile ilipopungwa alitembea, hakukimbia.

"Nasikia umepata nyumba," alisema.

Upande wa Koboko kikasikika kicheko. "Nani amekuambia? Mimi nilitaka kusema mwenyewe, Krismasi."

"Na bibi iko?"

"Iko. Jina yake iko kwa karatasi ya mkubwa. Bibi mzuri sana, kali kidogo. Wewe nafurahi?"

"Nakutakia heri, Silvester," Pasca alisema, akaweka simu chini. Ilikuwa imebaki dakika nzima. Emile aliangalia simu, akamwangalia na yeye, akavaa kofia yake.

Ijumaa zilizofuata kofia ilipungwa na Pasca hakutoka. Krismasi alikwenda kwa baba yake Ajia bila kumuaga mtu, akapura ulezi na mama yake mpaka viganja vikachubuka. Silvester alifika Awindiri siku hiyohiyo na zawadi ya kitenge, akakuta kufuli mlangoni.

Siku ya mwisho ya mwaka, Jumanne, Pasca alirudi shuleni. Alikuwa na desturi yake tangu aanze kazi: kukaa peke yake darasani, na kwenye kurasa mbili za mwisho za daftari la mahudhurio kuandika upande mmoja Mwaka Uliopita, upande wa pili Mwaka Ujao. Dirishani iliingia harufu ya nyasi zilizochomwa. Aliandika kwamba watoto walikuwa arobaini na mmoja, na ishirini na tisa wameelewa kugawanya. Kwamba chaki iliisha Agosti, wakaandika ubaoni kwa muhogo mkavu, na mbuzi wa misheni wakaingia kulamba ubao. Kwamba Eyotaru, aliyekaa miaka miwili bila kusoma neno, mwezi wa kumi alisimama akasoma ukurasa mzima, na mwalimu wake akatoka nje kufuta macho. Halafu akaandika: Mimi mwenyewe. Kalamu ikasimama hapo. Alimpenda yule mtu, na aibu ya kuendelea kumpenda ndiyo iliyomuuma zaidi ya habari yenyewe. Ukurasa wa Mwaka Ujao ulikuwa mweupe.

Mlango ukafunguliwa. Silvester alikuwa amejaa vumbi jekundu la barabara ya Koboko, nyusi hadi viatu. Ile pasi ya suruali ilikuwa imekufa. Alisema Emile ndiye aliyemwelekeza. Alisema pia kwamba Emile alimwambia aliyoyaeneza Keji, kwamba ameoa mwanamke mwingine, na sasa ameelewa kosa liko wapi. Aliweka mezani kitenge, ufunguo na barua ya mkuu wake wa shule.

"Soma jina ya bibi," alisema.

Pasca alisoma. Nyumba namba mbili, Mwl. Silvester Lemi na mke, Pasca Candiru. Alisoma mara ya pili. Moyo ulimpanda kwa furaha, kisha, kabla furaha haijakaa, ulishuka na hasira.

"Nani aliniuliza?"

Silvester alieleza. Orodha ilifungwa mwisho wa Novemba, na asiyejiandikisha hungoja mwaka mzima. Alitaka kumposa Krismasi akiwa na ufunguo mkononi. Kwenye simu alidhani amekwisha kujua ni yeye.

"Hii nyumba ilikuwa ya nani, kama wewe hukuandika uongo?"

"Ya Mwalimu Ayiko."

"Iko na watoto?"

"Wanne." Sauti yake ilipungua. "Wanalala na wazazi chumba moja."

Nje mbuzi walilia. "Mimi nakupenda, Silvester," alisema. "Hii wiki zote nimekupenda na nimelia. Lakini mimi si dawati ya kuandikwa kwa orodha."

Akachukua kalamu nyekundu, akaandika chini ya barua, akamsogezea. Silvester alisoma: Jibu sahihi. Kazi haionekani. Nusu. Alianza kucheka, akaona uso wa Pasca, akaacha.

"Nusu ingine iko wapi?"

"Robo iko kwa mkubwa yako. Rudisha ufunguo, sema kweli, futa jina yangu. Robo iko Ajia kwa baba, na huko huendi peke yako kama mwizi wa kuku. Unaenda na wazee wako."

Silvester alimwuliza kama anajua mkuu anaweza kumfukuza kazi kwa uongo ule. Pasca alisema anajua. Silvester akachukua ufunguo na barua, akakiacha kile kitenge mezani, akatoka kutafuta lori.

Siku tatu hizo Pasca hakulala vizuri. Ijumaa saa kumi alikuwa amekaa tayari kwenye ngazi ya ofisi ya misheni, na Emile hakuhitaji kofia.

"Ayiko amehamia ile nyumba jana," sauti ya Silvester ilipiga kelele. "Mkubwa amenitukana mbele ya walimu wote, na jina yangu imewekwa mwisho ya orodha. Lakini kazi iko. Sasa nalala na walimu wawili, na mmoja anakoroma sana."

"Una robo tatu."

"Mjomba yangu na wazee wawili wamekubali. Jumapili tunafika Ajia." Akapaza sauti zaidi. "Huyu mwalimu mzuri wa Arua, atakuwa huko?"

"Huyo sijui," Pasca alisema. "Mimi nitakuwa."

Simu ikakatwa, dakika zilikuwa zimeisha. Alirudi darasani na kitenge kikiwa kiunoni, akafungua daftari ukurasa wa mwisho, na chini ya Mwaka Ujao akaandika neno moja: Robo.