Maji ya Barazani

Kila jioni, duka lao la Chang'ombe likishafungwa, Yumna alimwaga ndoo ya maji barazani. Usafi haukuhusika. Baba yake, Mzee Aidarus, hakutaka mtu alale mbele ya duka, na sakafu ikilowa hailaliki. Wenye maduka jirani walifanya vivyo hivyo.

Na bado mzee huyo alisifiwa mtaa mzima. Kila Ijumaa ombaomba walipanga foleni mlangoni, naye akamtilia kila mmoja sarafu mkononi. Watu walisema kutoa ni moyo. Yumna, aliyemshikia kopo la sarafu, alijivunia baba yake kwelikweli.

Jioni moja ya masika alimkuta barazani Editha, mjane aliyefukuzwa kwenye chumba cha kupanga. Clara, bintiye mdogo, alikuwa mgongoni akihema kwa shida.

"Mdogo wangu, leo usimwage," Editha alimsihi. "Mtoto ana homa."

Yumna alisita. Alimwonea huruma, lakini alimwogopa baba yake zaidi. Akamwaga. Editha alikunja boksi lake la kulalia, akaondoka na mvua ikimnyeshea.

Ijumaa ilipofika, Editha hakuwemo kwenye foleni. Mwenzake mmoja alieleza kwamba Clara amefariki hospitalini kwa nimonia. Kopo lilimponyoka Yumna. Alilia, akamweleza baba yake yote mbele ya wateja.

Mzee Aidarus hakumkaripia. Alikaa juu ya gunia la mchele, kajiinamia. Baada ya swala aliwaita majirani na mwenyekiti wa mtaa. Walizozana sana, wengine wakidai kwamba ukimpokea mmoja watamiminika wote. Mwishowe walikubaliana kumwaga maji kukome, na asiye na makazi asaidiwe kupata matibabu, hifadhi na kazi.

Jioni hiyo Yumna na baba yake walitoa maboksi matupu kwenye stoo ya uani, wakaingiza kitanda. Editha aliletwa. Alisimama mlangoni, macho yamemvimba.

"Mzee, chumba hiki wiki iliyopita kilikuwepo?"

"Kilikuwepo, mwanangu." Akamgeukia Yumna. "Ulimwaga kwa sababu mie nilikutuma, kwa hiyo dhambi ni yangu kwanza. Nilikuwa nawapa sarafu ili waondoke mlangoni, nikajiona mwema. Sadaka inaanza kwa kumuuliza mtu amelala wapi. Sie hatukumuuliza, na mtoto amekufa."