Miraba kwenye Koti la Mzee Kigae

Kila asubuhi Mzee Kigae alivaa koti lake la kazi na kuanza kutafuta mwiko. Kazi ya kuweka vigae aliiacha miaka saba iliyopita. Lakini yeye hakuwa na habari hiyo.

"Leo tuna sakafu ya ukumbi," alimwambia mkewe. "Vijana wananisubiri."

"Wasubiri kidogo, baba. Kunywa chai kwanza."

Mkewe alikuwa fundi wa cherehani. Mtaa mzima ulimwita Mama Sindano. Hapo mwanzo alizoea kumwambia mumewe ukweli kwamba amestaafu. Kila alipoambiwa, mzee aliumia upya, kana kwamba amefukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Mama Sindano akaacha. Siku hizi alishonea mlangoni, cherehani ikiwa imeziba nusu ya njia, ili mzee asitoke bila kuonekana.

Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemwingia mzee polepole. Kwanza alisahau majina. Kisha akasahau njia. Mara mbili alipotea, na mara mbili majirani walimrudisha. Mama Sindano aliishi roho mkononi.

Muuguzi wa zahanati alikuwa akiwatembelea kila mwezi. Siku moja alitoa mkobani kitambaa kidogo cheupe. Kilikuwa kimechapwa miraba myeusi, midogo na mikubwa.

"Huu unaitwa msimbo wa QR, mama. Umeuona madukani na kwenye tiketi."

"Nimeuona! Unafanana na nguo iliyoliwa na panya," Mama Sindano alisema. "Juzi benki waliniambia niuelekezee simu ili nipate nafasi kwenye foleni. Nikawaambia miguu ninayo, nitasimama."

Muuguzi akacheka. "Huu utakufaa. Ndani yake mna ujumbe na namba yako ya simu. Mzee akipotea, mtu anaelekeza kamera ya simu hapa, anasoma, anakupigia. Kishone kifuani kwenye koti. Kishone kama kilivyo."

Muuguzi alipoondoka, Mama Sindano alikigeuza kile kitambaa. Alikivuta. Akasonya.

"Kitu chepesi namna hii! Kikifuliwa mara tatu kitakuwa tambara."

Akachukua kitambaa kigumu na uzi mweusi. Akaanza kuidarizi ile miraba kwa mkono, akiihesabu mmoja mmoja. Kazi ilichukua siku tatu. Mzee alikaa kando yake akitazama kimya. Siku ya tatu akanyoosha kidole.

"Hapa pana kasoro," alisema. "Kona tatu zina mraba mkubwa. Kona hii hawakuweka kitu. Fundi gani huyu? Alikuwa amelewa?"

Mama Sindano akatazama. Kweli, kona moja haikuwa na mraba mkubwa. Akamtazama mumewe. Kilikuwa kidole kile kile cha fundi aliyeona kigae kilichopinda kabla ya mtu mwingine yeyote. Ilikuwa miezi mingi tangu mzee aseme jambo lililonyooka kiasi hicho. Mama Sindano alifurahi mno.

"Tuweke wa nne, fundi?"

"Weka. Na pembeni zungushia maua, pasibaki wazi."

Akaweka. Akazungushia maua. Akaishona alama ile kwenye koti, na wote wawili wakaisifu.

Wiki mbili baadaye, Mama Sindano aliingia ndani kuzima pasi. Aliporudi mlangoni, kiti cha mzee kilikuwa kitupu.

Aliita. Alikimbia huku na huku. Aliuliza dukani, kituoni, kisimani. Saa tisa alasiri akamkuta mbali sana, kando ya barabara iliyokuwa ikichimbwa. Mzee alikuwa amekaa chini juani na kiatu kimoja. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Mama, usidhani tumemtupa," alisema mwanamke aliyeuza magazeti hapo. "Watu watatu wameelekeza simu kwenye hiyo alama. Haisomi. Tukaona ni pambo tu. Kama ningeona namba imeandikwa, ningekupigia tangu asubuhi."

Mama Sindano alimfunika mumewe kichwa kwa mtandio wake, akampeleka nyumbani.

Kesho yake muuguzi alifika. Alikutana na moto.

"Kidude chako kimetuangusha! Mume wangu nusura afe!"

Muuguzi akatoa simu, akaielekeza kwenye koti. Simu haikuonyesha kitu. Akasogeza uso karibu na ile alama.

"Mama, mraba huu wa nne umetoka wapi?"

"Ulikosekana. Mzee ndiye aliyegundua."

Muuguzi akavuta kigoda. "Haukukosekana. Zile kona tatu ndizo zinazoiambia simu juu ni wapi na chini ni wapi. Kona ya nne lazima iwe tofauti. Ukiweka mraba mkubwa hapo, simu haijui ianzie wapi. Tena unakuwa umefunika miraba midogo iliyobeba maneno."

"Na maua?"

"Nayo yameharibu. Ile nafasi nyeupe pembeni si uvivu wa mtu. Simu inahitaji kuona alama inaishia wapi."

Mama Sindano aliweka kiganja juu ya mraba wa nne.

"Mwanangu," alisema, na sauti ikamkatika, "hii ndiyo kazi ya kwanza niliyofanya na mume wangu tangu augue. Aliniongoza mwenyewe. Sasa unaniambia niibandue?"

"Sikuambii umkosoe mzee. Nataka arudi nyumbani," muuguzi alisema kwa upole. "Alama hii si yako wala yangu, mama. Ni ya mtu asiyemjua mzee kabisa, atakayemkuta njiani."

Mama Sindano alilia, na hakujificha. Kisha akachukua mkasi mdogo, akaibandua ile alama kwenye koti bila kuichana. Hakuitupa. Aliishona kwenye mto wa kiti cha mzee.

"Haya," alisema akijifuta macho. "Lete nyingine. Safari hii sigusi kitu."

"Nitachapa mpya, kwenye kitambaa kigumu. Unataka iseme nini?"

"Waambie wasimshike kwa nguvu, anaogopa. Wamuulize habari za sakafu. Hapo atatulia. Na waambie nyumba yetu ilipo."

"Nyumba tusiweke. Kila mwenye simu anaweza kusoma, mwema na mwizi. Namba yako inatosha. Tena tuandike kwa ufupi. Maneno yakizidi, miraba inakuwa mingi na midogo, simu inapata taabu."

"Na asiye na simu ya kamera?"

Muuguzi akatabasamu. "Hapo ndipo kazi yako ilipo. Darizi namba chini ya alama. Tarakimu kubwa."

Kitambaa kipya kilipofika, Mama Sindano alikishona kama kilivyo. Chini yake akadarizi namba ya simu kwa uzi mwekundu. Wakajaribu kwa simu ya muuguzi. Ikasoma. Wakajaribu kwa simu ya jirani yenye kioo kilichopasuka. Ikasoma. Koti likafuliwa, likakauka, wakajaribu tena kivulini na juani.

"Usiiamini kabla ya kuijaribu," muuguzi alisema. "Na kila ukifua, jaribu tena."

Miezi miwili ikapita. Asubuhi moja Mama Sindano alikuwa akimpima mteja mabega. Alipogeuka, mzee hayupo. Akatupa utepe, akatoka mbio. Hajafika mwisho wa mtaa, simu ikalia.

"Mama, mimi ni mfamasia, nina duka mkabala na soko. Mume wako yuko hapa kwangu. Nimesoma alama kwenye koti lake. Usikimbie, yuko salama."

Alikimbia vilevile. Alipofika, aliwaona wateja wamesimama kimya wakitazama chini. Mzee Kigae alikuwa amepiga magoti katikati ya duka, kikombe cha maji kando yake. Mfamasia, na koti lake jeupe, alikuwa amechuchumaa naye.

"Nilimuuliza habari za sakafu, kama ujumbe ulivyosema," mfamasia alisema. "Ameniambia kigae hiki ni kitupu chini, ndiyo maana kimeinuka. Amekigonga, na kweli kinalia kama debe tupu. Mwaka mzima najikwaa hapo, sikujua kwa nini!"

Mama Sindano alicheka na machozi yakimtoka. Mzee akainua uso. Hakuonekana kuogopa hata kidogo.

"Umechelewa kazini," alimwambia mkewe. "Njoo, shika upande ule."

Mama Sindano akapiga magoti kando yake. Wakagonga vigae pamoja, kimoja baada ya kingine, mpaka mlangoni.